Fowadi Asiyefunga

"Huyo hapana, shemeji. Huyo kazi yake kufunga tu," alisema Emmanueli, macho hayabanduki uwanjani.

Salvatory alimtazama kama mtu aliyeambiwa maji ni makavu. Aliyekataliwa ni Hafidh wa Unguja, mabao kumi na moja msimu ule, mshambuliaji hatari kuliko wote katika timu ya Watanzania wa jiji la Guangzhou. Salvatory ndiye aliyekuwa kocha. Siku za kazi alinunua nguo na kuzisafirisha Mwanza. Jumapili, baada ya ibada, alihesabu mabao, pasi na dakika za kila fowadi wake, akazihifadhi kichwani kama wengine wanavyohifadhi zaburi.

"Sasa unataka fowadi wa namna gani?"

"Ambaye mabeki hawawezi kumwacha."

Hasira zikampanda Salvatory. Emmanueli alikuwa mume wa dada yake, Kissa, na saa ile Kissa alikuwa amelala chumbani kwao, ghorofa ya juu ya jengo moja nyuma ya soko la Tianxiu Dasha, mimba imekomaa, miguu imevimba, kichwa kikimgonga hata mwanga wa dirisha haustahimili. Ulikuwa mwaka wa Olimpiki ya Wachina. Viza zilikuwa haziongezwi tena, ya Kissa ilikuwa imekwisha, na askari wa pasipoti walishinda mlangoni pa jengo. Jirani yao, Jacinta, alishuka kununua mkate. Tangu hapo simu yake haikupokelewa. Daktari mmoja wa mtaa wa Kangle alikuwa tayari kumpokea Kissa bila maswali mengi, lakini Kangle ni mbali, na mlango ulikuwa mmoja.

"Dada yangu anakata roho kule juu, na wewe umekuja kuchagua fowadi. Una akili wewe?"

"Zimebaki kidogo, shemeji. Ndizo hizi ninazotumia."

Ndipo Salvatory alipokumbuka kombe la Jumamosi. Mdhamini, laoban, yaani tajiri, mwenye kiwanda cha mikoba kule Shiling, alikuwa ameahidi timu bingwa barua ya mwaliko, na kwa barua ya mwaliko mtu angeweza kuomba viza upya.

"Ni kwa ajili ya ile barua?" aliuliza, sauti imeshuka.

Emmanueli alikuwa ameinama, midomo ikitikisika, akisali.

Basi Salvatory akaweka hasira kando, akaifanya kazi yake kwa moyo wote. Aliwapima mmoja mmoja, akawatupa mmoja mmoja.

"Mchukue Calvin," alisema hatimaye.

Calvin, kijana wa Tukuyu aliyekuwa akisoma chuo kikuu pale mjini, hakuwa na bao hata moja msimu mzima. Wenzake walimcheka. Dakika hiyohiyo Hafidh alikuwa akimpigia kelele: "Calvin, goli halihami, ndugu yangu. Lipo palepale toka asubuhi."

"Usitazame mabao," Salvatory alieleza. "Tazama dakika. Katika mabao ya Hafidh, tisa yameingia Calvin akiwa ndani. Nikimtoa Calvin, Hafidh anageuka nguzo. Haya, sasa achana na mpira. Mtazame yeye."

Wakamtazama. Mpira ulikuwa kushoto. Calvin akachomoka kulia, hana mpira, kwa kasi ya mtu aliyeiba. Mabeki wawili wakamfuata, na wa tatu akavutika nyuma yao. Katikati pakabaki peupe, mtu angeweza kutandika mkeka. Hafidh akapita hapo, akafunga.

"Wanamfuata hata akiwa hana mpira?"

"Hasa akiwa hana. Anakimbia kama mwenye hofu, na hofu inamvuta beki kama chumvi inavyomvuta ng'ombe."

"Na wakimfikia?"

"Wanakuta hana kitu. Ila wakati huo wamekwisha kuchelewa."

Emmanueli alifumba macho. "Asante, Bwana," alisema.

Mchezo ulipokwisha alimvuta Calvin nyuma ya goli. Salvatory aliwaona kwa mbali: Calvin akitikisa kichwa, kisha akitazama viatu vyake kwa muda mrefu, kisha wote wawili wakipiga magoti kwenye nyasi za bandia. Wanaombea kombe, aliwaza Salvatory. Mwenye shida haoni aibu mbele za Mungu.

Jumanne mchana Emmanueli alipiga simu. "Kissa ameanza kuona giza. Njoo na teksi, shemeji. Simameni ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango, dereva asizime injini."

Salvatory alifika na teksi. Mlangoni walisimama askari wanne, na kila Mwafrika aliyetoka aliambiwa neno moja, "huzhao", naye akatoa pasipoti. Jumamosi ilikuwa mbali. Barua ilikuwa mbali zaidi. Salvatory aliona upumbavu wao wote wa kupima mafowadi wakati mtu anakufa, akafunika uso kwa mikono, akamwambia Mungu kwamba hana tena la kumwambia.

Alipoinua uso, Calvin alikuwa ametokea mlangoni. Kijana akawaona askari, akashtuka, akageuka, akatimua mbio kuelekea sokoni. Watatu wakamfuata, wa nne akasita, kisha naye akavutika nyuma yao, na kwenye mlango usio na mtu akatokea Emmanueli, amembeba Kissa.

Teksi ilipopita chini ya daraja la waenda kwa miguu, Salvatory alimwona Calvin ameegemezwa ukutani, anahema, na askari wote wanne wakipokezana pasipoti yake, wakitafuta kosa katika viza ya mwanafunzi iliyokuwa halali mpaka mwaka ujao.