Simu ya Mama Mkwe

"Shikamoo, mamba."

Ujumbe ulikuwa umeshaenda. Luhaga alibaki ameduwaa ndani ya duka lake la vipuri vya pikipiki pale Buzuruga, kidole bado kiko juu ya kioo, akiomba mtandao ukatike. Mtandao wa siku hiyo ulikuwa mzuri ajabu.

Aliyepelekewa salamu hiyo hakuwa mtu wa kutaniwa. Alikuwa mama mkwe wake, Mama Justa wa Misungwi, ambaye kwake Justa alikwenda kujifungua. Mtoto, Kija, alizaliwa salama, akaanza kunenepa, na Justa naye akapata nguvu. Lakini mke aliyekwenda kujifungulia kwao harudi mpaka mama yake aseme rudi, na Mama Justa alikuwa hajasema. Luhaga alichoka kula chipsi. Alimkumbuka mkewe mpaka kifua kikauma, na mwanawe alimjua kwa picha tu.

Akaandika mbiombio: "Samahani sana, nilitaka kuandika mama. Simu inabadilisha maneno yenyewe. Mwanao, Luggage."

Hapo alitamani ardhi ipasuke. Baadaye Justa alipiga simu akicheka hadi kukosa pumzi. Alikuwa ameshamfafanulia mama yake kwamba hilo ni neno la Kiingereza la mizigo ya safari.

Jibu la Mama Justa lilikuja jioni. "Kumbe simu zina tabia hiyo? Nieleze vizuri."

Luhaga alieleza. Alimwandikia kwa adabu zote kwamba ndani ya simu kuna kitu kinachojifanya kinajua kuliko mwenye simu. Ukiandika hili, chenyewe kinaandika lile, na mwandishi hana kosa.

"Hana kosa lolote?" mama mkwe aliuliza.

"Hana kabisa, mama."

Tangu siku hiyo ugonjwa ukahamia Misungwi.

"Sukari na sabuni vimefika, bahili wewe," aliandika Mama Justa. Luhaga hajameza mate, ukaingia ujumbe wa pili. "Samahani baba, nilitaka kuandika mkarimu. Simu hii!"

"Pole mama, naelewa," alijibu, na kweli alimhurumia.

Alipaka rangi chumba cha mtoto, akajipiga picha amesimama katikati yake, akaituma. "Picha sijaiona," mama mkwe alijibu. "Ila sura yako naikumbuka, kwa bahati mbaya." Halafu: "Bahati nzuri. Simu, baba."

Akajikaza, akauliza lini aende kuwachukua. "Subiri kwanza mtoto azoee watu wenye akili." Halafu: "Wenye afya. Simu."

Luhaga alikasirika kwelikweli, ila hasira zote ziliwaendea waliotengeneza simu. Mteja akija kununua plagi anahutubiwa kwanza. Watu gani hawa, wanaomvunjia heshima mama wa watu nyumbani kwake? Ngosha, fundi wa pikipiki wa jirani, alionyeshwa ujumbe mmoja. Akausoma, akakohoa, akausoma tena.

"Una uhakika ni simu?"

"Ngosha! Yule ni mama mkwe. Mama mkwe anatukanaje?"

Ngosha akarudi kwenye pikipiki yake. Ni kweli, mama mkwe ambaye hata mkono hujawahi kumpa, ambaye akitokea mbele unampisha njia nzima, atakuitaje bahili? Haiwezekani. Luhaga alilelewa hivyo, na hakuwa na sababu ya kufikiri vingine.

Hatimaye ukaja ujumbe aliokuwa akiuota: "Njoo Jumapili uwachukue, nimechoka na kulialia kwako." Alisubiri wa kusahihisha. Haukuja. Akaona basi, kile kidudu cha ndani ya simu kimeshinda na mama wa watu amekata tamaa. Akaapa kwamba akifika Misungwi atakizima kwa mkono wake mwenyewe, hiyo ndiyo iwe shukrani yake.

Jumapili alifika na kitenge kipya cha mama mkwe. Alikaa kiti cha mlangoni kabisa, macho sakafuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Aliwekewa mtoto mikononi, na Luhaga, mtu mzima mwenye duka, akatokwa na machozi. Mizigo ya Justa ilikuwa imeshafungwa. Gari lilikuwa linangoja nje. Ilibaki kuaga tu.

"Kabla hatujaondoka, mama," alisema, macho bado chini, "naomba nikutengenezee simu."

"Achana nayo, baba. Nimeshaizoea."

"Baba Kija, twende," alisema Justa, akitazama dari.

"Hapana. Mama ameteseka vya kutosha. Ni kukizima tu, sichelewi."

Mama Justa alimwangalia binti yake, akaiangalia mizigo, akashusha pumzi. Akafungua pindo la kanga, akatoa simu na kuiweka juu ya kigoda, maana mkwe hapokei kitu mkononi mwa mama mkwe. Luhaga akampa Justa mtoto, akainama, akaiokota.

Kilikuwa kitochi, simu ndogo ya zamani. Betri ilishikiliwa na mpira wa kufungia, na vitufe vilikuwa ni vile ambavyo kila herufi unaibonyeza mara mbili tatu ndipo ikubali kutokea.

"Haya, baba," alisema Mama Justa. "Kizime."