Masizi ya Brashi

Tangu mwanawe avunje jiko lake la kuni na kuweka la gesi, Bi Mwanaate alikuwa hali ila kwa kubembelezwa. Alikonda hadi pete ikawa inamtoka kidoleni. Ndipo alipoitwa Shaali, fundi wa kurudisha majiko ya nyumba kongwe.

Leo mama mtu aliletwa kuliona jiko lililorudishwa. Mafiga yalikuwa matatu, uchaga wa kukaushia samaki juu yake, na ukutani Shaali alikuwa amepaka rangi ya masizi kwa brashi.

"Ndilo lako hili, mama?" mwana akauliza.

Bi Mwanaate alipitisha kidole ukutani, toka juu mpaka chini, akakitazama. Kilikuwa safi.

"Uwongo mtupu," akasema.

Kisha akajifunga kibwebwe, akachuchumaa mbele ya mafiga.

"Fundi, lete kuni."