Nipe Mji

Siku hizi kila mtoto huvaa bangili ya kumtambua mlezi wake. Ikiwaka kijani mbele ya mtu aliyemleta, sisi wa zahanati tumekatazwa kumuuliza mtoto lolote. Mimi nafagia tu hapo, ila vitendawili bado hawajavikataza.

Mwanamke aliyejiita shangazi wa binti mmoja mdogo alikuwa dirishani anachukua dawa. Alishasema binti kazaliwa papa hapa mjini, na bangili ikawaka kijani.

"Kitendawili!" nikamwambia binti.

"Tega."

"Hunifuata juani, hunikimbia gizani."

Akafikiri mpaka akakunja uso. "Nimeshindwa, Bibi."

"Haya, nipe mji."

Wajukuu zangu wakishindwa hunipa Makka au Ulaya. Huyu alininong'oneza, "Nakupa Mpanda. Mama yuko huko. Hajui nilipo."

Nikamshika mkono, nikamwita nesi Tabia, nikamweleza. Hata kalamu hakuiweka chini.

"Bibi Mwanahawa, mashine imeshajibu. Hebu mwachie mtoto wa watu."

Shangazi akaja, akaushika mkono wa pili, akavuta. Nami nikavuta. Binti hakulia. Alisimama katikati yetu ametulia, kama mtu aliyezoea kuvutwa.