Joviale Anapungua

Kipande cha samaki kilikwama kifuani, na Joviale akajua kwamba hakitashuka. Akaweka kijiko chini, akaondoka mezani kwa dada yake, akapita jikoni mpaka nyuma ya nyumba. Huko akainama juu ya mawe meusi, mkono ukutani, mpaka kikatoka.

Aliporudi, mumewe, Mushagalusa, alikuwa anatazama bugali wake kana kwamba umeandikwa kitu. Aliyesema ni Marie-Louise, mwenye nyumba, dada mkubwa ambaye wote wawili walimwita yaya.

"Chakula yangu inakutapisha sasa?"

"Hapana, yaya. Nilikula mbio."

"Mbio ya wapi? Paka anakulaga kukuzidi."

Joviale akaketi. Mfupa ukagusa ubao wa kiti, na bado hakuzoea. Tangu usichana alikuwa mwanamke mnene, wa kujaza mlango, na katika soko la Goma alipouza vitenge wateja walimpenda hivyo. Alikuwa akijifunga kitenge kipya kiunoni na watu wakakinunua palepale. Kisha mwaka jana alivuka mpaka kwenda Kigali, akalazwa kwenye kliniki, na mfuko wa tumbo ukakatwa ukabaki mdogo kama kindizi. Aliporudi aliwaambia watu kwamba alichoka na unene. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Tangu hapo kula kulikuwa kazi. Alitafuna hadi ladha ikaisha mdomoni. Hakunywa maji pamoja na chakula. Siku moja alisahau akanywa chai yenye sukari, jasho likamtoka, moyo ukamwenda mbio, akalala chini nyuma ya meza yake ya vitenge hadi jirani akamfunika. Nywele zilikuwa zikibaki kwenye kitana. Ngozi ya mikono ilining'inia, naye akaacha kuvaa mikono mifupi. Baridi ya asubuhi, ambayo zamani aliisikia kwa wengine tu, sasa ilimwingia mpaka kwenye meno.

Na watu nao walikuwa na lao. Goma, mtu akipungua hapongezwi. Husemwa ni njaa, au ni mawazo, au ni ule ugonjwa. Wateja wengine waliacha kugusa kitambaa alichokikunja yeye. Kanisani padri alisoma jina lake kati ya wagonjwa wa kuombewa, na Joviale akaitikia pamoja na wengine, kwa kukosa nguvu ya kukataa. Kazini kwa Mushagalusa walimuuliza kama nyumbani kuna chakula.

Hayo yote aliyavumilia. Maneno ya Marie-Louise ndiyo yaliyomshinda, maana Marie-Louise ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki huko Bukavu, dada huyu alikuwa bado msichana. Alimbeba Joviale mgongoni, akaacha shule, akachelewa kuolewa. Sasa yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa, mwaka wa pili huu. Miguu ilivimba, uso ulipauka, chakula chake kilipikwa pembeni bila chumvi, na hospitali ilikuwa kama nyumba yake ya pili.

"Unajua nini inaniuma?" Marie-Louise alisema, sauti chini. "Miye nachomwa sindano kila mara, naomba Mungu aniache tu niishi. Na weye, mutu muzima wa afya, unaenda kulipa watu wakukate, juu ya kupendeza tu."

"Yaya, basi," Mushagalusa akasema.

"Acha niseme. Nilimulisha kwa mukono hii. Nilimunonesha. Sasa anatupa."

Joviale alitaka kujibu. Maneno yalifika, akayatafuna kama alivyotafuna kila kitu siku hizi, na mwishowe akasema, "Nimechoka, yaya."

"Kila mutu amechoka."

Akasimama, akatoa vyombo, akaviosha vyote. Kisha akachukua mafuta, akapiga magoti, akaanza kuisugua miguu ya dada yake iliyovimba, taratibu, kama kila Jumapili. Marie-Louise akageuza uso dirishani. Lakini miguu hakuiondoa.

Njiani kurudi nyumbani Mushagalusa alimgeukia mkewe.

"Utanyamaza mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka daktari aseme."

"Na akisema hapana?"

"Basi ni miye na weye tu tutakuwa tumengoja bure."

Mume akamshika mkono. Ulikuwa mwembamba, na yeye pia bado hakuuzoea.

Jumatatu Joviale alivuka mpaka na kupanda basi la Kigali. Alikula yai moja njiani, kwa vipande vidogo, na lilipokaa tumboni bila ugomvi alifunga macho kwa shukrani. Hospitalini alingoja hadi mgongo ukauma. Alipoitwa, daktari alikuwa tayari na majibu ya damu mbele yake. Alimpima presha, akamsikiliza moyo, kisha akamwonyesha mzani pembeni.

Joviale akavua viatu, akapanda. Hakutazama chini. Alitazama uso wa daktari.

Daktari akasoma mzani, akamwomba ashuke, akamwambia apande tena. Halafu akaketi, akavua miwani.

"Mama Joviale, mwaka jana nilikukatalia kwa sababu ya unene peke yake. Leo sina sababu tena. Tunaweza kutoa figo lako moja, tumpe dada yako. Yeye umekwisha kumwambia?"

"Hapana," Joviale akasema, akiinama kuvaa viatu. "Mumwambie ninyi. Miye atanikatalia."