Finjani ya Tatu

Siku moja tu Teresiah alithubutu kuiondoa finjani ya tatu mezani. Bibi Hasnija aligoma kula hadi kesho yake.

Tangu hapo Teresiah, Mkenya aliyeajiriwa kumtunza bibi huyo huko Al Warqa, Dubai, aliandaa kahawa kila alasiri kama alivyofundishwa: finjani ya bibi, yake mwenyewe, na ya tatu mbele ya kiti kitupu. Adib, mwana wa bibi, alimweleza kwamba kwao Bosnia, kwenye mji wao kando ya mto Drina, finjani moja ya ziada huwekewa mtu ambaye huenda akaja. Mama yake hakuwahi kuikosa tangu vita. Asubuhi moja kaka mkubwa wa Adib, Faris, alichukuliwa nyumbani, akavushwa daraja, asionekane tena. Adib mwenyewe alikuwa angali ananyonya.

"Atakuja," bibi alizoea kusema, akiikazia macho finjani ile. "Yuko hai."

Masikini, miaka zaidi ya thelathini! Teresiah alimhurumia. Machozi yalimtoka yeye; bibi, wala.

Mwaka huu moyo wa bibi ulichoka. Daktari alitaka alazwe, bibi akakataa katakata. Je, akija asimkute? Adib alibembeleza, akafoka, wapi.

Kisha Ijumaa moja Adib alirudi na kahabari kadogo tu: huko Bur Dubai amekutana na mzee aliyesema waliishi naye mtaa mmoja kule kwao, amekuja kumtembelea bintiye. Bibi aliuliza jina lake, kisha akainuka kitandani bila kushikwa. Akaitisha gauni lake jeusi, akaamuru mzee huyo aalikwe kahawa kesho yake.

Mgeni alikuja na boksi la tende, mcheshi kweli, akausifu mto wa kwao na samaki wake. Akaketi kwenye kile kiti kitupu. Teresiah alishtuka, akanyoosha mkono aondoe finjani ya Faris, alete nyingine.

Bibi alimshika mkono. "Iache. Ni yake."

Akammiminia mwenyewe bila kutetemeka, akasema maneno machache kwa Kibosnia. Mgeni aliacha kutabasamu. Teresiah akamgeukia Adib kuuliza bibi amesema nini. Adib alikuwa amesawijika, akatafsiri kwa sauti ya chini:

"Kunywa, jirani. Kisha uniambie ulimzika wapi mwanangu."