Kope za Bibi Harusi

Uso wa marehemu ulivunjika vipande kwa mara ya tatu, na fundi wa kuchapisha picha akaachia kipanya.

"Mzee, nikikuza zaidi ya hapa utaondoka na vumbi, huondoki na mke," alisema, na papo hapo akajuta. Ulimi wa dada huyu ulikuwa na tabia ya kutoka nyumbani kabla yake.

Mzee hakukasirika. Alisimama nyuma ya kiti, kofia mkononi. Jua la dirishani lilipoanza kumulika kioo cha kompyuta, alisogea hatua moja, kivuli chake kikakikinga.

Mazishi yalikuwa kesho saa nne. Watoto walikuwa wamegawana kazi za msiba, huyu jeneza, yule viti na maturubai. Baba yao alisema, "Picha niachieni mimi," na hakuna aliyembishia. Siku mbili alipekua makabati na makasha. Picha ya harusi yao ililoa maji zamani, ikagandia kwenye kioo cha fremu. Ya kitambulisho ilikuwa imefifia. Alichopata ni hii moja, ya simu ya jirani, iliyopigwa jioni mlangoni pao: mkewe amejitanda mtandio, anakunja kitambaa kipana cheupe huku akicheka.

"Alikuwa anaanua nguo?" fundi aliuliza.

"Hapana. Hapo ndio tumetoka kazini."

"Basi kosa si lake, wala si lako. Ndani ya kamera kuna kipande kinachopokea mwanga, kinaitwa kihisi. Cha simu hii hakifiki hata ukucha wa kidole cha mwisho. Sasa nikuulize, mvua ikinyesha ukaweka uani kikombe na beseni, kipi kitapata maji?"

"Beseni."

"Umeona? Na jioni mwanga wenyewe ni manyunyu. Kikombe kimepata matone mawili, palipobaki simu imejitungia. Hizi chenga zote ni utunzi wa simu."

"Na beseni ni ghali," mzee alisema.

"Usiseme! Kihisi kikubwa kikitokea na dosari kiwandani, kinatupwa kizima. Hasara yote hiyo anailipa mnunuzi."

"Lenzi yake nayo huwa kubwa. Hiyo ndiyo inayokausha mfuko."

Fundi aligeuka na kiti chake. "Kumbe unayajua!"

"Nayasikiasikia."

Alipata mtu wa kumsikiliza, na fundi aliyepata msikilizaji hashikiki. Alinyoosha kidole ukutani, kwenye picha kubwa ya bibi harusi mwembamba aliyeinamisha macho.

"Ile ndiyo kazi ya beseni. Ni mimi yule, usicheke, miaka tisa iliyopita, kabla sijaanza kula kwa niaba ya ukoo mzima. Ukumbi ulikuwa na giza kama stoo. Lakini sogea uone, kope zinahesabika moja moja."

Mzee hakusogea. Aliitazama kutoka pale pale aliposimama, kisha akainamisha kichwa akaanza kuikunjakunja kofia.

"Mpiga picha mwenyewe hata sura simkumbuki," fundi aliendelea. "Kutwa nzima uso uko nyuma ya kamera. Ninayemkumbuka ni mkewe. Alinifuta jasho, akanibana gauni kwa pini, akaniambia nisiogope. Na kila pozi, yeye ndiye aliyetangulia kusimama pale nitakaposimama mimi. Mumewe anabonyeza, anaangalia, anageuza taa, ndipo naitwa. Nikamnong'oneza bwana harusi, waone wenzetu wanavyopendana, harusi ni yetu lakini wa kwanza kupigwa ni mkewe!" Akacheka peke yake. "Yule mama hatapata shida hii yako. Siku yake ikifika, picha za beseni watakosa pa kuzitundika."

Mashine ya kuchapisha ilinguruma kidogo, ikatulia. Fundi alimwona mzee amefumba macho, na moyo ukamuuma kweli kweli. Alijiona mjinga wa kutupwa, kumsifia mfiwa ndoa ya watu wengine.

"Nisamehe, baba. Kinywa changu hiki." Alivuta kiti karibu na meza. "Tutajaribu tena. Naweza kulainisha mashavu, nikamchorea macho upya."

"Usimchoree macho," mzee alisema upesi. "Hayatakuwa yake."

"Basi niichapishe ndogo, kiasi cha kiganja? Hapo chenga hazionekani sana."

"Ichapishe ndogo. Anayempenda atainama amwone."

Picha ikatoka ingali na joto. Mzee aliipokea kwa kushika kingo tu, vidole visiguse wino. Akainama akamtazama mkewe kwa muda mrefu, hata fundi akageuza uso.

"Baba," fundi alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Miaka yote hiyo ya ndoa, hakuna hata nyingine moja? Ya kamera ya maana?"

Mzee alivaa kofia. Mlangoni akasimama, akaigeukia ile picha ya ukutani.

"Zilikuwepo. Na hata siku ile ukumbini kwenu zilikuwepo, na kope zake zilihesabika kama zako. Lakini nilikuwa napima mwanga tu, mwanangu. Nikishaupata namfuta kwenye kamera, nafasi iwe ya bibi harusi."