Gari Jeupe la Mtani

"Hilo usilitwae, litawaua," alisema mwenye magari, na Polikarp akacheka mpaka akaegemea nguzo ya banda.

Mkewe Pamela hakucheka. Alikuwa amewashika mikono watoto wao wawili, Aidan na Noela, akilitazama lile gari jeupe la viti saba kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani asiyefungwa.

Walikuwa Mfaranyaki, mjini Songea, tangu saa mbili asubuhi, wakitafuta gari la kukodi kwa likizo ya mwezi wa sita. Safari yenyewe ilikuwa ya wiki nzima: Songea hadi Mbinga, kuteremka mpaka Mbamba Bay, kisha kandokando ya Ziwa Nyasa hadi Liuli. Uani yalibaki magari mawili tu. Dogo la bluu, ambalo mwenyewe alilisifu sana, na hili jeupe, refu, lenye keria juu na nafasi ya kutosha hata magodoro.

"Lina nini?" Pamela aliuliza.

"Breki, mama. Likiwa baridi lashika vizuri. Likipata moto kwenye mteremko mrefu, pedali yazama. Lasubiri fundi. Twaeni la bluu."

Polikarp akamkonyeza mkewe. Huyu mwenye magari, Abdulatifu, alivaa kofia ya kudarizi, na kwenye kioo cha nyuma cha gari jeupe palibandikwa maandishi makubwa: NALASI. Kwa Polikarp, Mngoni wa Mpitimbi, hayo yalitosha. Mtu wa Nalasi ni Myao, na Myao ni mtani wake tangu enzi za mababu. Kama mtani analiponda gari jeupe namna ile, basi ndilo zuri, analionea choyo.

"Nyie Wayao mnajua korosho tu," alimwambia. "Magari mmeyaanza lini?"

Abdulatifu alimsogezea ufunguo wa la bluu, bila hata tabasamu. Polikarp akazidi kufurahi. Watani wa kukausha uso hivi ndio watamu. Akaweka pesa za wiki mezani, juu ya karatasi aliyokwisha kuandikia jina na namba yake ya simu, kisha akanyoosha mkono na kuchomoa ufunguo wa gari jeupe kwenye msumari. Mtani akibeba cha mtani wake haulizwi, sembuse huyu aliyelipa.

"Bwana! Hilo halikodishwi!"

"Basi nimeliteka!"

Walipotoka getini, Pamela alimwona Abdulatifu kwenye kioo cha pembeni. Alikuwa anawakimbiza, kandambili moja imemvuka, mikono yote miwili juu.

"Baba Aidan, anakimbia kweli. Mwangalie uso."

"Ndio utani wenyewe huo. Umesahau msiba wa mzee? Watani si walilala chini mbele ya gari la jeneza, wakagoma kuamka?"

Pamela hakuwa amesahau, na hakupenda kukumbushwa jeneza akiwa ndani ya gari lile. Akajifunga mkanda. Polikarp alipoona hivyo, alikanyaga breki kwa makusudi barabarani. Gari likasimama palepale. Aidan akagonga paji la uso kwenye kiti cha mbele, akalia.

"Haya. Hazishiki hizo?"

Zilishika. Zilishika tena njiani mbuzi walipokatiza, na tena kwenye matuta karibu na Mbinga. Simu ilitetemeka kwenye mfuko wa shati la Polikarp mara tano, sita. Kila mara aliitazama ile namba ngeni, akacheka, akairudisha mfukoni. "Mtani hachoki!"

Mbinga walikula wali na maharage, watoto wakanunuliwa ndizi. Hofu ya Pamela ilipungua kidogo. Alijiona mjinga, mwanamke mzima kutishwa na maneno ya uani, na gari lilipoondoka aliimba pamoja na Noela.

Kisha barabara ikaanza kuteremka.

Iliteremka na kupinda, kona juu ya kona, upande mmoja mlima na upande mwingine miti ikionekana kwa chini, vilele tu. Mbali kabisa lilimeta ziwa. Watoto walipiga kelele za furaha. Pamela aliacha kuimba. Alisikia harufu ya kitu kinachoungua.

"Wanachoma mashamba," Polikarp alisema, macho mbele.

Pamela alitafuta moshi mlimani, akatafuta bondeni. Hakuuona. Alifunga mkanda wa Noela, akamwambia Aidan akae chini, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Simu ikatetemeka tena. Safari hii aliichomoa mfukoni mwa mumewe kabla hajamzuia.

"Mtani, inatosha sasa!" alisema. "Umenitisha tangu asubuhi, na nina watoto humu. Niambie ulikuwa unatutania, roho yangu itulie."

"Mama, utani gani?" Abdulatifu aliuliza. "Miye mtu wa Pemba. Hilo gari nimelinunua majuzi, hayo maandishi ya kioo cha nyuma nimeyakuta. Mko wapi? Mwambie bwana asimame!"

Pamela akamgeukia mumewe. Polikarp hakuwa anacheka tena. Mguu wake ulikuwa umekanyaga breki mpaka chini, na gari lilikuwa linazidi kukimbia.